Mwenye Picha na Mwenye Sura

Picha ni kivuli kilichozuiwa kisiondoke na mwenyewe. Mtu akipita juani kivuli chake humfuata, naye akiingia nyumbani kivuli huingia pamoja naye. Lakini akisimama mbele ya kamera, kivuli hubaki nyuma na mwenyewe huenda zake. Huhama, huzeeka, hufa. Kwa sababu hiyo kila picha ya mtu ina wenyewe wawili. Mmoja ni mwenye karatasi, wa pili ni mwenye sura. Maadamu picha imelala sandukuni, wenyewe hawa hawana ugomvi. Ugomvi huzaliwa siku sanduku linapofunguliwa mbele ya watu. Hapo huja swali ambalo si jepesi: mtu aliyekusanya picha za mji wake kwa miaka mingi ana haki gani ya kuzionyesha, na ana wajibu gani wa kuzificha?

Swali hili laweza kuulizwa katika kila mji wa dunia, lakini ni afadhali liulizwe mahali fulani, kwa kuwa maadili yasiyo na mahali ni kama nguo isiyo na mwili. Na liulizwe Buseresere. Mji huu uko katika barabara itokayo Geita kwenda Biharamulo, nao umeungana na Katoro hata msafiri asiyeambiwa hawezi kusema mji mmoja umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi. Hata hivyo kati yao umepita mpaka. Katoro ni ya Wilaya ya Geita, Buseresere ni ya Wilaya ya Chato. Kabla ya Machi 2012 mpaka huo ulikuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa ulitenga Mkoa wa Mwanza na Mkoa wa Kagera. Mwaka huo Mkoa wa Geita uliundwa kwa kumegwa sehemu za Mwanza, Kagera na Shinyanga, na miji hiyo miwili ikawa chini ya mkoa mmoja. Ukirudi nyuma zaidi, Chato yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, na Mkoa wa Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hata mwaka 1979. Basi mzee ambaye hakuhamisha kitanda chake hata mara moja amekwisha kukaa chini ya majina mengi. Ardhi haikwenda mahali. Majina ndiyo yaliyopita juu yake kama mawingu.

Wala majina si kitu pekee kilichopita. Nchi hii zamani ilikuwa nchi ya Wazinza. Katika miaka ya 1950 Wasukuma wengi waliingia sehemu za Geita pamoja na ng'ombe wao, na mapori yakakatwa ili mbung'o wapungue. Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali ilihamisha mamilioni ya watu wa Tanzania kuingia katika vijiji, na mahali pengi nyumba zikasogezwa kando ya barabara. Na chini ya hayo yote kulikuwa na dhahabu. Wajerumani waliitambua katika sehemu za Geita mwaka 1898. Mgodi wa zama za ukoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata 1966. Mgodi mkubwa wa shimo la wazi ulifunguliwa mwaka 2000. Katikati ya migodi hiyo miwili, na baada yake, wachimbaji wadogo walikwenda na sururu na makarai yao popote uvumi ulipowaita. Wachimbaji wanahitaji chakula, nguo, dawa na mahali pa kulala. Na mji wa njiani ulio karibu na machimbo hupata biashara ambayo jembe peke yake lisingaliuletea.

Katika mji wa namna hii na achukuliwe, kwa mfano tu, mzee mmoja aliyenunua kamera ya filamu katika ujana wake. Alipiga picha za harusi na za vitambulisho ili apate riziki, lakini jicho lake halikutosheka na kazi ya kulipwa. Alipiga nyumba ya kwanza iliyoezekwa bati, siku ya gulio wakati wa mavuno ya pamba, basi lililokwama matopeni, vijana waliotoka shimoni wakiwa weupe kwa vumbi la mawe, mazishi, ngoma, na watoto wa shule waliopangwa mistari mitatu mbele ya ukuta wa matofali. Kila mkanda ulimpa picha 36, na kila picha ilimgharimu fedha. Kwa hiyo hakupiga ovyo. Leo sanduku lake la bati limejaa. Wageni wanaliulizia. Wajukuu wanataka kuziweka picha zote mahali ambapo dunia nzima itaziona. Mzee amekaa juu ya kifuniko, na hajui kama aamke au azidi kukaa.

Upo upande unaomwambia aamke. Upande huu una hoja yenye uzito. Husema kwamba mji uliojengwa kwa haraka hauna shahidi mwingine. Pwani ina magofu, ina makaburi ya mawe, ina tarikhi za Kilwa na za Pate. Pwani ilitangulia hata katika picha zenyewe. Namna ya kwanza ya kupiga picha ilitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na kabla ya miaka 10 kwisha Mfaransa Charles Guillain alikuwa amekwisha kufika katika mwambao wa Waswahili, katika safari yake ya 1846 mpaka 1848, na picha za watu wa huko zikapigwa. Baadaye Unguja ilipata maduka yake ya picha. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha duka la Capital Art Studio, na kazi yake ikaonyesha mji wa Unguja katika zama za Sultani, kisha, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, katika zama za serikali mpya. Mkusanyo kama huo una thamani kwa sababu haukusimama upande mmoja wa mto. Lau nusu yake ingalichomwa ili kuwapendeza wa zama hizi au wa zama zile, nusu iliyosalia nayo isingalifahamika.

Buseresere haina gofu. Nyumba ya udongo ikianguka, mvua mbili zinatosha kuirudisha kuwa ardhi. Mahema ya wachimbaji huondoka pamoja na wachimbaji, na shimo likiisha kufukiwa hapana kinachosema ni nani aliyelichimba. Karatasi za serikali zipo, lakini karatasi hizo zinazungumza habari za kodi, mipaka na leseni. Hazisemi kwamba mwanamke mmoja alianza kuuza uji chini ya mti, na mti huo leo ni kituo cha mabasi. Kwa hiyo, husema upande huu, mwenye kuficha picha za mji kama huu anaufanyia mji jambo ambalo hata moto haukulifanya. Anawanyima waliozaliwa baadaye haki ya kujua wamesimama juu ya nini. Tena anawapa nafasi watu wenye nguvu kutunga historia wanayoitaka, kwa kuwa njia ya mwongo huwa ndefu mahali pasipo shahidi.

Hoja hii ni ya haki, lakini inadhani kwamba picha ikisha kuonekana kweli imekwisha kusemwa. Hilo si sahihi. Picha ni shahidi mwenye macho makali na ulimi mfupi. Huonyesha kilichokuwapo, haisemi kwa nini kilikuwapo, wala kilichokuwa nje ya pembe zake. Mfano mkubwa umetoka Uganda. Mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la nchi hiyo ziligunduliwa negativu 70,000, nyingi zikiwa za zama za Idi Amin, na mwaka 2019 baadhi ya picha zake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala. Ndani yake Amin hucheza ngoma, hucheza michezo, hupokea wageni, huhutubia umati. Wapiga picha wa serikali waliagizwa kupiga sherehe, si vyumba vya mateso. Hakuna picha hata moja kati ya hizo iliyo ya uongo, na hata hivyo mtu angezitazama zote asijue kwamba maelfu ya watu walikuwa wakiuawa katika miaka ile ile. Ilibidi waliozitayarisha wafikiri jinsi ya kuwaweka waliopotea karibu na yule aliyekuwa akicheka. Kweli elfu za picha zilihitaji ushahidi wa maneno ili zisiwe uongo mmoja mkubwa.

Na katika ukanda wa dhahabu wenyewe uko mfano mwingine, ambao mpaka leo ni kidonda. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, upande wa Kahama. Baadaye yalitolewa madai kwamba baadhi yao walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali ilikanusha, kampuni ilikanusha, na mwaka 2002 ofisi ya taasisi za Benki ya Dunia inayopokea malalamiko ilisema haikuona msingi wa madai hayo, walioyatoa hawakukubali. Picha za video zililetwa kuwa ushahidi, nazo zikabishaniwa: zilionyesha nini, wapi, lini? Mtu wa haki hapaswi kujaza kwa chuki au kwa mapenzi pengo ambalo picha imeliacha. Fundisho lililomo ni kwamba picha isiyo na tarehe, isiyo na mahali na isiyo na jina la aliyeipiga haiwezi kumtetea aliyeonewa wala kumsafisha aliyesingiziwa. Mwenye sanduku la Buseresere, ikiwa anataka picha zake ziwe ushahidi, wajibu wake wa kwanza kabla ya kuzionyesha ni kugeuza kila moja na kuandika nyuma yake.

Lakini hapo ndipo ugumu wa pili unapoanza. Kwa kuwa maneno yale yale yanayoifanya picha iwe ushahidi ndiyo yanayoweza kuifanya iwe silaha. Na irudiwe ile picha ya watoto wa shule waliopangwa mistari mitatu. Katika mstari wa kati amesimama mtoto mwenye ualbino, kofia yake mkononi, macho yameminywa kwa mwanga. Mzee analijua jina lake, anajua jina la baba yake, anajua kitongoji chao. Je, aandike? Na akiandika, aionyeshe?

Hili si swali la kubuniwa ili kuupamba mjadala. Tangu miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kwa sababu ya uongo ulioenezwa kwamba viungo vyao huleta bahati katika machimbo ya dhahabu na katika uvuvi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 70 waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000 mpaka 2015. Na mwezi wa Februari 2015, katika wilaya hii hii ya Chato, mtoto mwenye ualbino wa umri wa mwaka mmoja alinyang'anywa kutoka mikononi mwa mama yake, na maiti yake ikaonekana baada ya siku chache imekatwa viungo. Serikali ilikuwa imekwisha kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli mwezi mmoja kabla ya hapo. Marufuku hayakumfikia mtoto yule kwa wakati.

Baada ya kujua hayo, nani atasema kwa moyo mkavu kwamba historia ya mji ni lazima ionyeshwe yote? Msomi aliye mbali ataitazama picha na kuandika makala. Mgeni ataitazama na kusifu mwanga wake. Aliyemo ndani ya picha atalala usiku akisikiliza mlango. Elimu imegawanyika sawasawa baina ya watazamaji wote, lakini hatari imemwangukia mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Upo basi upande wa pili, unaosema: na afiche. Heri mji upungukiwe na kumbukumbu kuliko mtu apungukiwe na maisha.

Upande huu nao una haki, lakini haki yake ikiachwa bila mpaka huharibika. Kwa kuwa mlango wa kuficha ukisha kufunguliwa kwa ajili ya mtoto mmoja, wengi watasukumana kuupita. Mfanyabiashara mwenye ghorofa atakuja kuomba picha ile aliyomo na kaptura yenye viraka iondolewe, asije akadharauliwa. Mwingine ataomba picha ya kiwanja iondolewe, kwa sababu ndani yake inaonekana nyumba ya mjane mahali ambapo sasa pana duka lake yeye. Kiongozi wa jana ataomba picha ya mkutano iondolewe, kwa kuwa ahadi aliyoitoa siku ile imeandikwa kwenye kitambaa nyuma yake. Kila mmoja atasema anaumizwa, na kwa kweli kila mmoja ataumia. Mzee akiwasikiliza wote, sandukuni zitabaki picha za maua na za milima.

Hapana budi basi kitafutwe kipimo, na kipimo hakiwezi kuwa maumivu peke yake, maana mwizi naye huumia akikamatwa. Kipimo ni hiki: ficho linamlinda nani dhidi ya nani? Mtoto yule hakutenda kosa. Akionyeshwa, watakaofaidika na kuonekana kwake ni wenye nia ya kumdhuru. Aliyejenga juu ya kiwanja cha mjane, akifichwa, atakayefaidika na kufichwa kwake ni yeye mwenyewe, na atakayedhurika ni yule yule aliyekwisha kudhurika mara ya kwanza. Ficho la kwanza ni ngao mkononi mwa mnyonge. Ficho la pili ni pazia mlangoni mwa mwenye nguvu. Yote mawili yanaitwa siri, na yote mawili huombwa kwa sauti ya unyenyekevu, lakini moja ni huruma na la pili ni ushirika katika dhuluma.

Kati ya hao wawili yuko mfanyabiashara wa kaptura yenye viraka. Huyu hakudhulumu mtu, wala hapana anayemwinda. Anaona haya tu. Haya yake haistahili dharau, kwa kuwa mtu aliyeutoroka umaskini huogopa kuuona hata katika karatasi. Lakini haya haina nguvu ya kufuta historia. Ina nguvu ya kuomba adabu. Anastahili picha yake isicheke, isitundikwe ili alinganishwe na alivyo leo kwa kejeli, bali iwekwe mahali pake pamoja na wenzake wote waliovaa viraka mwaka ule. Huenda akigundua kwamba si yeye peke yake aliyekuwa maskini, haya itampungua na fahari itaanza.

Mtu ataweza kusema kwamba mambo haya yana sheria, na kwamba mzee hana haja ya kujisumbua. Ni kweli sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa nafsi yake na maisha yake binafsi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda aliyepiga picha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti juu ya matumizi ya habari za watu. Lakini sheria hungoja mlalamikaji. Aliyekufa halalamiki, asiyejua kwamba picha yake imesambaa halalamiki, na aliyeuawa kwa sababu ya picha halalamiki. Tena sheria husema lisilofaa kutendwa. Haikumfundisha mtu yeyote lililo jema kutenda akiwa peke yake mbele ya sanduku wazi. Hapo hubaki dhamiri.

Dhamiri hiyo ina neno lake katika Kiswahili, nalo ni amana. Mwenye amana si mwenye mali. Hawezi kuiuza apendavyo, lakini pia hawezi kuiacha ioze kwa kisingizio kwamba si yake. Kama mwenye sanduku angekuwa na mali tu, angeuliza: nitapata nini? Kama angekuwa mtumishi wa mji tu, angeuliza: mji unataka nini? Mwenye amana huuliza swali la tatu: kila aliyeniachia kivuli chake, aliniachia kwa sharti gani? Bibi arusi alisimama ili picha yake ionwe na jamaa zake. Hakusimama ili iuzwe katika kadi za watalii. Mchimbaji alisimama na karai lake ili ampelekee mama yake kijijini habari kwamba yu hai. Watoto wa shule walisimama kwa sababu mwalimu aliwaambia wasimame. Mapatano ya siku ile hayakuandikwa, lakini yalikuwapo.

Kutokana na neno hilo hutoka njia ambayo haipendezi upande wowote kati ya zile mbili, na pengine hiyo ni dalili ya kwamba imekaribia haki. Kuhifadhi ni wajibu juu ya picha zote. Kuonyesha ni wajibu juu ya baadhi, na kwa wakati wake. Anayechanganya mambo haya mawili hukosea kwa pande zote: ama huchoma alichopaswa kukificha tu, ama hutangaza alichopaswa kukihifadhi tu. Picha ya mtoto yule isichanwe, wala jina lake lisipotee. Liandikwe katika daftari lililo mbali na picha, nalo likabidhiwe kwa mtu wa kuaminika. Siku hatari ikipita, daftari na picha vitakutana tena.

Bali njia hii nayo ina pingamizi, na pingamizi lake linatoka mahali ambapo watu wengi hawakutazamia. Linatoka kwa aliyefichwa mwenyewe. Mtoto wa mstari wa kati hakubaki mtoto. Na achukuliwe kuwa ni mtu mzima sasa, ana kazi na ana watoto. Anafika katika maonyesho ya picha za mji wake, anatafuta darasa lake, anaona wenzake wote, na mahali pake pameachwa au picha nzima haimo. Atafahamu kwamba aliondolewa kwa wema. Lakini pia ataona kwamba wale waliotaka asiwepo duniani na wale waliotaka kumlinda wamefika kwenye karatasi moja, karatasi ambayo yeye hayumo. Mji utakaojikumbuka bila watu wenye ualbino utakuwa umemaliza kwa upole kazi iliyoanzwa kwa mapanga.

Jambo hili halina utani. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Katika siku zile zile ambapo wengine walikuwa wakifichwa ili wapone, yeye alichagua kusimama mbele ya umati na sura yake. Hapana mtu aliyekuwa na haki ya kumwambia ajifiche kwa faida yake, kama vile hapana aliyekuwa na haki ya kumlazimisha mwingine asiyetaka asimame jukwaani. Tofauti kati ya heshima na dhuluma haikuwa katika kuonekana wala katika kufichwa. Ilikuwa katika swali moja: nani aliyeamua?

Basi wajibu wa mwenye picha unamrudisha kwa mwenye sura. Sharti amtafute. Ni kazi ya kuchosha, ya kupanda baiskeli kwenda vitongojini, ya kuuliza huyu alihamia wapi na yule aliolewa na nani. Wengine wamekwenda Mwanza, wengine wameufuata uvumi wa dhahabu katika machimbo mengine, wengine wamekufa. Waliokufa wana ndugu, na ndugu waulizwe. Na ikiwa ndugu hawapo, aulizwe yule mnyonge wa picha kwa namna pekee iliyobaki, yaani mzee ajiweke mahali pake na kujibu kwa haki. Katika kuuliza huko atavuna kitu ambacho hakukitazamia. Kila atakayeulizwa ruhusa atatoa na habari: hapa palikuwa na mti, huyu ni mjomba, siku ile mvua ilinyesha baadaye. Picha yenye ulimi mfupi itapata msemaji. Adabu ya kuomba ruhusa na kazi ya kutafuta ukweli, zilizoonekana mbali mbali, zitafanyika katika safari moja.

Muda wa safari hiyo si mrefu. Picha za filamu zimeandikwa kwa chembe za fedha zilizopigwa na mwanga, na picha za rangi zimetiwa rangi zinazochujuka mapema zaidi kwa joto na jua. Unyevu hugandisha negativu, mchwa hawachagui baina ya kuni na kumbukumbu, na mzee mwenyewe ni karatasi iliyo nyepesi kuliko zote. Vijana wana simu za mkononi na hupiga kwa siku moja picha nyingi kuliko alizopiga yeye kwa mwaka. Lakini simu ikiibiwa au ikianguka majini, mwaka mzima wa mji huzama pamoja nayo. Kwa hiyo kungoja mpaka maswali yote yajibiwe ni namna nyingine ya kuchoma sanduku. Na aanze na moja.

Tena ni haki aanze na ile iliyo ngumu. Azifunge nyingine, aichukue ile ya watoto wa shule, aifute vumbi, aitie ndani ya bahasha, aende nayo mpaka nyumbani kwa mtu yule. Akifika abishe hodi, aketi atakapoonyeshwa, aitoe bahasha na kuiweka mezani, naye anyamaze. Mwenye sura ndiye atakayesema kwanza. Huenda akasema itundikwe ukutani mahali ambapo kila mtu ataiona, na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Huenda akasema irudi sandukuni mpaka wanawe wakue. Majibu hayo mawili yana haki sawa, na mzee atakayeyapokea yote mawili kwa moyo mmoja atakuwa amestahili kuitwa mtunzaji wa historia ya Buseresere.